Kadi ya Arobaini na Saba

Nakumbuka Ijumaa moja baba yako alinigeuzia mgongo hapa hapa barazani, akateremka barabara bila koti lake, nami nikabaki nimelishika kama mtu aliyeshinda kesi. Keti, Ganza mwanangu. Koti liko tayari na halina miguu, halitakimbia. Gusaba yako ni kesho, na kwenda kuomba mchumba si safari ya kwenda na kichwa kitupu. Nipe masikio yako kidogo, kisha nitakupa nguo.

Jana uliniletea vitu viwili. Cha kwanza ni hili koti la kijivu la marehemu Kalisa, baba yako, unalotaka kulivaa mbele ya wakwe. Ukaniambia, "Muzehe, punguza hapa kwa kiuno, Papa alikuwa munene." Cha pili ni kadi ndogo iliyochakaa pembe, yenye picha ya Mzungu mwenye kofia ameshika gongo, na nyuma yake, kwenye kona, namba 47. Uliiweka juu ya cherehani yangu ukasema, "Papa alituambia tukuletee. Alisema umeingojea sana." Halafu ukarukia pikipiki ukaenda zako, wala hukuona uso wangu ulivyokuwa. Afadhali hukuuona.

Na hilo neno muzehe, tuelewane. Sijalikubali. Mvi hizi ni za vumbi la vitambaa. Lakini leo nitalivumilia, kwa sababu ninayotaka kukwambia yanahitaji mtu aliyekula chumvi, na kwenye baraza hii waliokula chumvi kunishinda wote wamekwishatangulia mbele ya haki.

Baba yako na mimi tulikuwa vijana miaka ile watu wanarudi nchini kutoka kila upande, huyu Uganda, yule Tanzania, mwingine Zaire, kila mmoja na Kiswahili chake mkobani. Mimi sikurudi kutoka popote, mimi ni wa mtaa huu wa Nyamirambo, babu yangu alikuja hapa na biashara ya vitambaa akaoa na akasahau njia ya kwao. Nilikuwa nimepata cherehani yangu ya kwanza, na nilikuwa nashonea kwenye baraza ya Mama Sauda, mjane, fundi wa nguo za kike, mwanamke ambaye hata imamu alimwamkia kwanza. Mdogo wake alikuwa akifungua marobota ya caguwa sokoni, yaani mitumba hii inayotuvisha sote, na nguo zilizofumuka alituletea sisi tuzirudishe katika hali ya kuuzika.

Sasa, chini ya robota moja kulikuwa na begi la shule la mtoto, na ndani ya begi rundo la kadi limefungwa kwa mpira. Mdogo wake Mama Sauda alilitaka begi. Kadi alinirushia mimi akasema, "Chukua batu bako hawa." Nikachukua.

Hatukujua ni watu gani. Fundi jirani aliapa kwamba ni askari, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na rungu. Leo nyinyi mmeuona mchezo wa besiboli kwenye simu, na wapo watoto wa hapa mjini wanaoucheza, lakini wakati ule sisi tulijua mpira wa miguu tu. Aliyetufumbua macho ni baba yako. Alikuja kufupisha suruali akabaki rafiki. Alikuwa amesoma Uganda, Kiingereza kilimtoka kama maji, na maandishi ya nyuma ya kadi aliyasoma bila kukunja uso. Alinisomea: huyu amezaliwa mji fulani, huyu anapenda kuvua samaki, huyu baba yake naye alicheza. Yeye alipenda hayo. Kila kadi kwake ilikuwa mtu, na baada ya wiki chache alikuwa akiwataja kana kwamba wamekaa naye mtaa mmoja.

Mimi nilipenda namba.

Usicheke. Nyuma ya kila kadi, mbali na yale majedwali ya tarakimu ndogondogo yanayoumiza macho, kulikuwa na namba moja kwenye kona, peke yake, kubwa kidogo. Mwanzo nilizipanga kadi kwa rangi za kofia, nikaona hazina maana. Siku nilipozipanga kwa namba ya kona, mwanangu, nilisikia raha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Zilikaa. Wa kofia nyekundu akakaa jirani na wa kofia ya buluu, mzee karibu na kijana, bila ugomvi, kila mmoja anajua jirani yake wa kulia na wa kushoto. Fikiria sisi tulikokuwa. Nyamirambo ya wakati ule nyumba hazikuwa na namba. Ukitafuta mtu unaambiwa pita kwa muuza maziwa, uliza kwa mama mwenye mbuzi mweupe, na mbuzi akiuzwa umepotea. Halafu mimi nashika karatasi ndogo kutoka ng'ambo, na kila mtu ana mahali pake pasipobadilika. Ndiyo maana nilizipenda.

Na namba zilikuwa na siri zake, nikazigundua mwenyewe bila Kiingereza. Niliona kwamba wale ambao namba zao zinaishia na sifuri wamepigwa picha kwa heshima kuliko wengine, mikufu shingoni, kifua mbele. Nikamwambia baba yako, "Wenye sifuri ndio wakubwa wao." Akabisha. Tukawekeana mandazi. Yeye anashika kadi na kuificha picha yake, mimi nauliza namba tu, halafu nasema huyu ni mkubwa au huyu ni wa kawaida, naye anasoma yaliyoandikwa nyuma. Nilikula mandazi yake asubuhi nyingi mpaka akakubali. "Hamimu, we iko mchawi wa namba," akasema, na tangu hapo kila kadi aliyoipata popote aliniletea. Maana ziliendelea kuja mojamoja, katika mifuko ya makoti ya watoto, katika soksi, mara moja ndani ya kiatu. Haba na haba hujaza kibaba. Zote hizo zilikuwa mamia huko zilikotengenezwa, na mimi sikuota kuzipata zote, lakini ilifika siku nikawa na mfululizo kamili kuanzia ishirini hadi sabini. Nasema kamili, kumbe uongo. Ilikosekana moja. Kati ya arobaini na sita na arobaini na nane palikuwa na pengo.

Wewe hujui pengo linavyoweza kumtafuna mtu. Nilikuwa nikizipanga kadi juu ya meza ya kukatia, na macho hayaoni zile zote zilizopo, yanakwenda palepale. Nilianza kuwauliza wateja. Nilikuwa nikipapasa mifuko ya caguwa kabla sijatazama nguo yenyewe ina tatizo gani. Mama Sauda aliyaona yote hayo.

Hapo inabidi nikueleze ada yetu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Mafundi wa baraza hii tuna sheria isiyoandikwa: kilichomo ndani ya nguo ni cha mwenye nguo. Ukifumua ukakuta kitu, pini, hirizi, picha ya mtu ambaye si mkewe, unakiweka juu ya meza, wazi, kila mtu akione, mpaka mwenyewe aje akichukue. Hukiweki kwenye droo. Huulizi ni cha nini. Mteja anakuvulia nguo yake akiamini kwamba mkono wako unatafuta mshono tu.

Basi, baba yako akapata mchumba, mama yako huyu huyu, wa Kicukiro. Akanunua koti la suti sokoni kwa mdogo wake Mama Sauda, la kijivu, kutoka mabaki ya robota lile lile lililotoa begi la kadi. Akaniletea nilipunguze kwa ajili ya gusaba yake. Nikafumua bitana kwa ndani ili nipunguze ubavu, na kati ya kitambaa na bitana mkono wangu ukagusa kitu kigumu. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu, na kadi ilikuwa imepenya ikaanguka humo, hakuna aliyejua. Nimewahi kufikiri, huenda koti na begi vilitoka nyumba moja huko Amerika, la baba na la mtoto wake, na mtoto alimpa baba yake kadi moja akae nayo kazini. Sina hakika. Nikaigeuza. Arobaini na saba.

Nilipiga kelele mpaka fundi jirani akajichoma sindano. Lakini ada ni ada, niliiweka juu ya meza, wazi, na nikamngoja baba yako nikiwa na furaha ya bwana harusi kuliko yeye mwenyewe. Kwangu lilikuwa jambo lililokwisha. Zote alizowahi kupata alinipa. Hii angeninyima kwa lipi?

Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kulijaribu koti. Nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha na pengo, nikanyoosha mkono. Akaichukua kadi, akaisoma nyuma kama desturi yake. Akasoma tena.

"Uyu mutu hakucheza sana," akasema. "Miaka yote alikaa kwa benchi. Walikuwa wanamuita siku mwenzake ameumia tu. Kisha wanamurudisha kwa timu ndogo." Akaigeuza akamtazama yule mwanamume usoni. "Lakini walimupatia kadi. Iko na namba yake."

Nikasema, "Ndiyo, arobaini na saba. Lete."

"Hapana, Hamimu. Hii nitabaki nayo."

Nilidhani anatania. Nikacheka, akacheka kidogo, akaitia kadi mfukoni mwa shati. Hapo nikajua hatanii. Nikamwambia zote umenipa, ile moja tu ninayoihitaji ndiyo unaona tamu? Akasema sijui nikuelezeje. Nikasema huna haja ya kueleza, una haja ya kutoa. Maneno yakawa makali, na mimi ulimi wangu ujanani haukuwa na breki. Mwisho nikamwambia, "Koti lako litatoka hapa siku kadi itakaporudi."

Akaniangalia. "Gusaba iko kesho," akasema polepole.

"Najua."

"Basi baki na koti." Akateremka barabara.

Hasira hasara, mwanangu, lakini nikwambie ukweli, saa ile sikuona hasara yoyote. Niliona haki. Na mpaka leo kuna nusu ya moyo wangu inayosema nilikuwa na haki kidogo, maana namba arobaini na saba kwa Kalisa ilikuwa peke yake, na kwangu ilikuwa na ndugu zake wamekaa wakiisubiri. Ndivyo nilivyofikiri. Nikakaa nikiwa nimevimba, koti limening'inia kwenye msumari, bitana imefumuliwa nusu, pini zimejaa.

Mama Sauda akarudi kutoka msikitini alasiri. Akalitazama koti kabla ya kuniangalia mimi.

"Hamimu we, iyi koti mbona iko wazi ivi? Mwenyewe anaoa kesho, siyo?"

Nikamweleza. Nikamwita mezani nimwonyeshe, nikiamini kabisa kwamba akiona pengo kwa macho yake atakuwa upande wangu. Alizitazama kadi zote taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga. Kisha akaweka kidole juu ya arobaini na sita, na kingine juu ya arobaini na nane.

"Hawa babili, banamutafuta mwenzabo?"

"Hapana, mama, ni karatasi."

"Nani anamutafuta?"

Nikasema ni mimi.

"Basi iyo pengo ni yako, siyo ya kadi. Na kama iko yako, mbona unaishona kwa koti ya Kalisa?" Hakupaza sauti. Alikuwa akivua viatu huku anasema. "Pengo siyo deni, mwana wangu. Akuna mutu alikuja hapa kukopa namba kwako. We unaona kadi imekosa mahali pake. Mi naona Kalisa, babake alikufa kule Uganda, bajomba bake ni wawili watatu, na kesho anaenda kukaa mbele ya familia ya batu wengi, na upande wake anahesabu wa kukaa naye. Wewe alikuhesabu. Umejihesabu?"

Akaenda kutia udhu, ingawa alikuwa ametoka kuswali. Nadhani alitaka kuniacha peke yangu.

Nililimaliza koti kabla ya Magharibi. Nilipunguza ubavu, nikakata mikono, maana ilikuwa mirefu, nikashona bitana kwa mkono ili mshono usionekane. Lakini kushona si kazi. Kazi ilikuwa kulipeleka. Jumamosi asubuhi nikalipiga pasi. Nikaona kola haikukaa, nikapiga tena. Nikatia makaa mapya nikapiga mara nyingine koti ambalo lilikuwa limenyooka kama ubao, mradi nisiondoke hapa barazani. Kiburi hakina sauti, mwanangu, kinakutafutia shughuli tu. Mama Sauda akapita akaninyang'anya pasi mkononi, akamwaga makaa mtaroni.

Nilifika Kicukiro sherehe imekwishaanza. Unajua gusaba ilivyo: wenyeji upande huu wa hema, wageni wa mkwe upande ule, na wasemaji wawili wazee katikati wanarushiana maneno matamu yenye miiba. Baba yako alikuwa amevaa koti la mjomba wake. Mikono ya koti ilimfikia kwenye kucha. Msemaji wa upande wa mama yako, mzee mwenye fimbo na kofia pana, alikuwa ameshaliona hilo na hakuwa na huruma. Walisema Kinyarwanda, nakupa kwa Kiswahili changu: "Wageni wetu, tumeiona mikono ya koti, imefika salama. Mkwe mwenyewe atafika lini?" Hema zima likacheka. Baba yako naye alicheka, lakini nilimjua, masikio yake yalikuwa yanawaka.

Sikutazama masikio sana. Nilitazama viti. Upande wa mkwe ulikuwa na safu moja ya mbele ya vijana wake, na safu ilikuwa fupi. Kulia kwake ameketi mtoto wa mjomba, baada ya huyo, jamaa waliyesoma naye. Kushoto kwake kiti hakikuwa na mtu, na baada ya kiti hicho wameketi wengine wawili. Wazee walikuwa wamesimama nyuma kwa kukosa pa kukaa, na hakuna aliyekigusa. Nilisimama pale nyuma ya hema na koti mkononi, na nakwambia bila aibu kwamba machozi yalinitoka.

Yule mzee mwenye fimbo akaniona. "Na huyu ni nani anayeingia na koti mkononi? Tumekusanyika kuoza binti au kuuza caguwa?" Watu wakacheka tena, na sasa nilikuwa mimi.

Unajua kwamba mkwe haruhusiwi kusema. Ana msemaji wake, yeye kazi yake ni kunyamaza na kupendeza. Baba yako akasimama. "Ni uwanjye," akasema mbele yao wote. Huyu ni wangu. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili chetu: "Hamimu, kiti yako iko hapa."

Hema likalipuka. Mkwe amesema! Wenyeji wakadai faini papo hapo, msemaji wetu akatoa udhuru mrefu wenye ng'ombe ndani yake, na katika kelele hizo baba yako akavua koti la mjomba na kuvaa la kwake. Nilimwekea kola sawa. Mikono ilisimama pale inapotakiwa, kwenye kifundo. Mzee mwenye fimbo akalitazama, akasema, "Ah, sasa amefika." Nikakaa.

Habari ya kadi hakuitaja siku hiyo. Aliitaja baadaye sana, mama yako akiwa na mimba ya dada yako, tumekaa hapa tunakunywa chai. Aliniambia, "Mimi nilizaliwa kambini, Hamimu. Kule hakukuwa karatasi yenye jina langu. Shuleni nilitumia jina la mutoto mwingine. Wakihesabu watu, mimi siko. Niliposoma ile kadi nikasema, uyu mutu akukuwa mukubwa, akukuwa na sifuri yako iyo, na bado mutu alikaa chini akamupa namba." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilizipenda namba kwa sababu zilipanga vitu. Yeye aliipenda ile moja kwa sababu ilimhesabu mtu. Siku alipopata kitambulisho chake cha taifa alikuja kunionyesha, akakigeuza, na nyuma yake, ndani ya plastiki yake, alikuwa ameiweka arobaini na saba. Ilikaa humo mpaka mvua hizi zilizopita, alipotutoka.

Mimi nilichofanya na pengo langu, nilichukua kipande cha kitambaa cha kijivu nilichokata kwenye mikono ya koti lake, nikakipunguza kiwe sawa na kadi, nikakiweka kati ya arobaini na sita na arobaini na nane. Vijana wanaokuja hapa wakiona bati langu la kadi wananiambia, Muzehe, hii moja inapatikana, tunakuagizia kwa simu, inakuja kwa ndege. Nawaambia waniache na kitambaa changu.

Halafu jana ukaja wewe.

Ulipoondoka nilifungua bati. Nikakitoa kitambaa, nikaweka kadi. Ishirini hadi sabini, bila kukosa. Hicho ndicho nilichokitaka nikiwa na umri wako, nikakikasirikia hadi nikazuia koti la rafiki yangu. Nikaitazama safu ile imejaa, na nikaumia, Ganza, nikaumia kuliko siku ya maziko. Kwa miaka yote hiyo pengo lile lilikuwa na maana moja tu: Kalisa yupo, na kadi iko kwake. Sasa safu imejaa kwa sababu yeye hayupo. Nikaitoa kadi haraka nikarudisha kitambaa mahali pake.

Usiseme nimekataa wasia wa baba yako. Nimeupokea, ukawa wangu, na kilicho changu nakigawa nipendavyo. Nilipokuwa nafumua bitana ya koti hili kwa mara ya pili maishani mwangu, nimeirudisha kadi pale pale nilipoikuta, kati ya kitambaa na bitana, upande wa kushoto, na safari hii nimelishona na tundu. Ukiweka mkono kifuani utaisikia. Kilichomo ndani ya nguo ni cha mwenye nguo, na mwenye nguo sasa ni wewe.

Basi nasaha yangu ni hii, na haina urefu. Kusanya unachopenda. Hesabu, panga, tafuta siri za namba, hakuna ubaya, moyo usio na mchezo hukauka. Lakini utakapoona pengo, iwe la kadi au la kiti au la neno ambalo mkeo hakukwambia, usilifanye deni la mtu. Kabla hujanyoosha mkono kusema lete, muulize mwenye kitu kwake ni nini, halafu nyamaza usikie jibu lote. Mimi rafiki yangu alianza kunijibu, nikamkatiza. Mtaka yote hukosa yote, na mimi niliponea chupuchupu kwa sababu ya mwanamke aliyejua kumwaga makaa.

Na kesho, ukikaa upande wako, uangalie viti. Kama kuna kimoja hakina mtu, na unajua ni cha nani, usiruhusu kijazwe kwa haraka. Huenda mwenyewe bado anapiga pasi.

Mungu akujalie mke utakayemsikiliza naye akusikilize. Awafichie aibu zenu, awafunulie heri zenu, na kama wanavyoomba wazee wa hapa, muzabyare hungu na kobwa, mzae wavulana na wasichana, na kila mmoja wao ahesabiwe. Amina.

Haya, simama. Vaa. Nyoosha mikono nione inafika wapi.